Mpira wa Ndani

Santuri imeshuka na basi la asubuhi
ndani ya katoni la biskuti, imezungushiwa gazeti la juzi.
Kijana wa mizigo akaipima kwa kiganja:
"Sahani ya nini hii, fundi?"
Nikamjibu, ya kulia.
Akacheka. Alidhani wali.

Nimeiegemeza dukani, Barabara ya Kumi na Mbili,
katikati ya rimu na mafungu ya spoku.
Mbigili, toleo la pili. Jina lake *Kutu*.
Jaladani hakuna sura zetu
(zao, nilitaka kusema),
ni bati la paa tu, limeliwa na chumvi.

Lile la kwanza tulilirekodi siku mbili,
stoo ya magunia, Mikanjuni,
tukipiga kama watu wanaodaiwa.
Kibwana alivunja vijiti sita.
Mhando alijaza gitaa kila upenyo, hata pa kupumulia.
Sauda aliimba mpaka koo likamkauka,
wimbo wa mwisho ukamtoka kwa mnong'ono,
na sisi, kwa aibu,
tukaufuta.

Mashine ni ya Bi Tatu Mbaruku, ua wa nyuma.
Santuri zake wajukuu walizibabua jikoni
wakafinyanga vyungu vya maua.
Mkanda nao ulikatika zamani.
Nikakata uzi mwembamba wa mpira wa ndani,
baiskeli saizi ishirini na nane,
nikaunga kwa solusheni, nikapuliza, nikasubiri.

Sindano ikashuka.
Kwanza mchakato, kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili.
Halafu wao.
Sauti ya Sauda imeteremka hadi kifuani,
ngoma zinatembea kama mwenye viatu vipya,
gitaa linafikiri kabla ya kusema.
Nikakaa juu ya ndoo.
Kumbe wamekua, nikasema, kumbe wamekua hivi,
na mimi nimebaki hapa na mafuta kwenye kucha.

Bi Tatu, mbuzi wa nazi chini yake, hakuinua hata uso:
"Mbona inaburura? Mkanda wako umelegea."

Nikaufupisha upana wa kidole.
Nikarudisha sindano mwanzo.
Uzito wote ule ukayeyuka:
Sauda ni yuleyule, mwembamba, na pua kidogo,
Kibwana yuleyule na haraka zake.
Nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi vibaya.

Mpaka wimbo wa nne,
Kibwana alipoinua kijiti,
nikakisikia kikiinuka,
wallahi nikakisikia hewani,
na asipige.

Mhando zamani alikuwa na noti mia.
Sasa anazo nne anazoziamini.

Upande wa pili, wimbo wa tatu,
Sauda ananong'ona.
Koo lake zima, halijakauka,
ananong'ona kwa sababu anataka,
maneno yaleyale tuliyoyafuta.
Na chini yake hakuna besi.
Nimerudia mara tatu, sikio kwenye spika:
hakuna.
Hawakumweka mtu.
Nyuma ya jalada, herufi ndogo kama chawa:
gitaa, Mhando. Ngoma, Kibwana.
Besi, halafu kistari.

Sijui kama ni kiti nilichowekewa
au mlango niliofungiwa.
Niliondoka bila kuaga, hilo nalijua,
nikadai fungu langu la ampu, nikalibeba kwenye toroli
mchana kweupe, wakinitazama.

Wimbo umekwisha. Sindano imefika kwenye duara lisilo na kitu,
tk, tk, tk,
Bi Tatu amekwisha kukamua tui lake,
na mguu wangu, sikuutuma,
unapiga pale palipoachwa.

"Fundi! Upepo!"
Ni mtoto wa shule, baiskeli ya babake, tairi la nyuma.
Nikachukua pampu.
Nikabonyeza tairi kwa gumba, nikajaza, nikabonyeza tena.
Sikuzidisha.